Mrejesho: Ukaguzi wa kodi ya mapato dukani kwangu Moshi

Ndugu zangu, mwezi uliopita niliuliza nijiandae vipi baada ya kupokea barua ya TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) iliyonitaarifu kwamba hesabu za duka langu la vifaa vya ujenzi hapa Moshi zingekaguliwa. Ukaguzi umekwisha. Kilichochukua muda mwingi si stakabadhi za EFD (mashine ya kielektroniki ya kutolea risiti), kama nilivyohofia, bali fedha zilizoingia benki na kuzidi mauzo niliyoyaonyesha kwenye ritani (taarifa ya mapato ninayowasilisha TRA), kwa kuwa nilikuwa nikipitisha katika akaunti ileile mkopo wa SACCOS na michango ya harusi ya mdogo wangu (nilikuwa mweka hazina wa kamati, kazi ambayo sitaikubali tena). Mkataba wa mkopo na daftari la michango viliondoa sehemu kubwa ya hoja hiyo. Matumizi yasiyo na risiti, hasa malipo ya vibarua wanaopakua saruji, yalikataliwa, nami sina la kubisha.

Sasa nasubiri hati ya makadirio, yaani barua ya TRA inayoonyesha kodi ninayodaiwa. Nikiona haja ya kupinga, nitawasilisha pingamizi ndani ya siku 30, nikikumbuka kwamba sheria inataka kwanza nilipe kodi isiyobishaniwa au theluthi moja ya iliyokadiriwa, kutegemea ipi ni kubwa zaidi.