Tupeane uzoefu: idli laini za kupika nyumbani, nani kazipatia?

BiMwanaidi: Salaam wapendwa. Humu najua wapo waliosoma Bengaluru, waliopeleka wagonjwa Chennai, na walioko Muscat wanaoishi ukuta kwa ukuta na watu wa Kerala. Naomba msaada wa idli, vile vikate vyeupe vya mchele na dali vya India Kusini, vinavyopikwa kwa mvuke. Zangu zinaiva na ladha ipo, ila ukiidondosha moja sakafuni inadunda. Naloweka mchele vikombe 3 na dali ya urad kikombe 1, nasaga vyote pamoja kwenye brenda, naacha usiku kucha. Mwageni uzoefu. Habari za hamira sitaki.

Mdau_Coimbatore: Dada, shida iko hapo kwenye "vyote pamoja". Nimesoma Coimbatore, mji unaosifika India nzima kwa mashine za mawe za kusagia, na mama mwenye nyumba wangu alikuwa nayo jikoni inanguruma kila jioni. Mchele aliuloweka kwenye chombo chake, urad kwenye chake pamoja na kijiko cha chai cha uwatu, saa 4 hadi 6. Urad ndiyo ya kwanza kusagwa, peke yake, na maji ya baridi anayotia kidogo kidogo, mpaka inavimba, nyeupe, imejaa hewa. Halafu anachota tone kwa ncha ya kidole na kulidondosha kwenye bakuli la maji. Likielea, anazima mashine. Likizama, inaendelea.

Mchele ndio unafuata, na hausagwi ukawa laini kabisa, unabaki na chengachenga kama suji. Urad ina utelezi unaoshika gesi wakati wa kuumuka, mchele hauna. Ukivisaga pamoja, mchele unakuwa uji na urad haijapata hewa yake. Brenda nayo inapata moto haraka, kwa hiyo tumia maji ya barafu na uipumzishe.

BiMwanaidi: Uwatu huu huu wanaopewa wazazi?

Mdau_Coimbatore: Huo huo. Usizidishe, utakula uchungu.

Njeri_wa_Limuru: Wenye wanaishi baridi mnisikize. Chennai joto lenyewe linafanya kazi, saa 8 hadi 12 unga umepanda mara mbili. Huku kwetu mwezi wa saba unaamka asubuhi unaupata vile uliuacha. Mimi huweka sufuria ndani ya oveni iliyozimwa, taa yake ikiwaka, naacha hata saa 18. Usiangalie saa, angalia unga: uwe umepanda, una mapovu, na harufu ya uchachu kidogo. Ukishapanda usiukoroge kwa nguvu, ile hewa ndiyo ulikuwa unaingoja.

UmmuSalim_Muscat: Ahsante bi Njeri, huku tuna mtihani wa pili, joto linauwahisha kuchacha. Jirani yangu mtu wa Palakkad, huko Kerala, kanambia chumvi itiwe mwanzo wakati wa joto maana inaupunguza mwendo, na wakati wa baridi itiwe mwisho. Na unga uchanganywe kwa mkono, si kwa mwiko. Kwao kuna kijiji, Ramasseri, idli zake ni bapa, wanazipika juu ya kitambaa kwenye vyungu vya udongo. Basi nami vibati vyangu navitandika kitambaa chepesi kilichoroweshwa. Hazigandi kabisa.

Kaka_Mtulivu: Mimi sipiki, nilimuuguza mzee Chennai. Chakula chote alikirudisha, isipokuwa idli. Asubuhi tulikuwa tunaletewa na sambar, ule mchuzi wa dali na mboga, na chatne ya nazi, yeye alitaka ile ya unga wa pilipili na dali uliochanganywa na mafuta ya ufuta. Ile iliyokuwa laini kweli ilikatika kwa kidole kimoja.

Shosti_Haraka: Kwani lazima kusubiri usiku kucha? Tieni suji, mtindi na magadi soda, nusu saa mnakula.

Mdau_Coimbatore: Hiyo ipo na ina heshima yake. Mkahawa wa MTR wa Bengaluru unasema ndio ulioianzisha wakati wa Vita Kuu ya Pili, mchele ulipoadimika. Ni tamu, lakini ni kitu kingine. Dada hakuuliza hiyo.

BiMwanaidi: Na mchele je? Natumia wa Mbeya.

UmmuSalim_Muscat: Wa kunukia uweke kwa pilau, mwanangu. Tafuta ule ambao mpunga wake umechemshwa kabla ya kukobolewa. Ukiukosa, saga na konzi moja ya wali wa jana.

Njeri_wa_Limuru: Na mvuke usipite dakika 12, maji yawe yamechemka tayari. Ukitumia presha kuka, toa ile kofia yake ya juu. Ziache zipoe kidogo, chovya kijiko kwenye maji, ndipo uzibandue.

Fundi_Kisutu: Urad iliyomenywa ipo kwenye maduka ya Wahindi hapa Kisutu, angalia isiwe ya zamani, ikikaa sana haivimbi. Unga ukibaki, siku ya pili utakuwa mchachu zaidi. Katia kitunguu, pilipili mbichi na kotmiri, kaangia haradali, umimine kwenye chuma cha vitumbua. Watamil wana chuma kama hicho hicho, chakula chenyewe wanakiita paniyaram. Moto mdogo, geuza kwa kijiti.

BiMwanaidi: Chuma ninacho. Naloweka leo jioni.