Paka kwa basi Dar hadi Tanga: nimwandaeje?

Mama Lulu
Habari za humu wapendwa. Mwisho wa mwezi watoto wakifunga shule tunakwenda Tanga wiki 3, na paka hatumwachi. Ni jike, mwaka mmoja na nusu, kilo 3, hajawahi kupanda hata bajaji. Basi ni la saa 12 asubuhi, stendi ya Magufuli. Nina kikapu cha ukindu chenye mfuniko, kitafaa? Na kuna jirani kanishauri nimpe nusu panado alale njiani. Naombeni mwongozo.

Bibi Paka
Panado usimpe hata chembe, tafadhali. Ini la paka haliiwezi dawa hiyo. Damu inashindwa kubeba oksijeni, fizi zinageuka za kahawia au buluu, uso unavimba, na nusu kidonge kwa paka wa kilo 3 inatosha kumuua. Ukihitaji cha kumtuliza, daktari wa mifugo ampime na akupe dozi yake, kisha uijaribu nyumbani siku chache kabla ya safari.

Kikapu cha ukindu acha. Paka mwenye hofu anakipanua kwa kucha, na mkojo ukiingia hautoki. Tafuta kizimba cha plastiki kigumu ambamo anaweza kusimama na kugeuka. Klipu za kizimba hufyatuka ukikinyanyua, kwa hiyo kizungushie kamba. Chini tandika gazeti, juu yake nepi iliyofunguliwa, halafu khanga uliyolalia bila kuifua, maana harufu yako ndiyo itakayomtuliza.

Anza leo. Kizimba kikae wazi sebuleni, chakula chake kiwe mlangoni siku 3, kisha ndani kabisa. Akizoea, funga mlango dakika 1, kesho 5, keshokutwa 15. Mwishowe mzungushe mtaani kwa bajaji dakika 10. Akitoka udenda au akitapika, hicho ni kichefuchefu, na kina dawa yake kwa daktari.

Msafiri wa Segera
Kabla ya kukata tiketi, mwambie mkata tiketi kuwa una paka. Wengine hukataa, na ni heri ujue mapema kuliko kubishana na konda alfajiri. Wakikuambia akae kwenye buti, tafuta basi lingine: mle kuna joto, moshi na mizigo inayoteleza.

Kaa upande wa kushoto, ule wa mlango. Kutoka Chalinze hadi Segera basi linaelekea kaskazini, jua la asubuhi linapiga kulia. Chakula cha mwisho apate usiku kabla hujalala, maji mpaka mnatoka nyumbani.

Shangazi Zai
Mkifika mahali pa kuchimba dawa si vibaya kumtoa kidogo anyooshe miguu, mradi umemshika.

Bibi Paka
Hapo Shangazi naomba nipinge. Honi moja ya lori inatosha: paka anakukwaruza, anaingia vichakani, na basi halimsubiri. Mlango usifunguliwe hadi mko ndani ya chumba kilichofungwa. Kuvumilia mkojo saa 6 au 7 kwa paka mzima si shida, na akishindwa nepi ipo.

Cha kuangalia ni mdomo. Paka akihema mdomo wazi kama mbwa, joto limemzidi: mfungulie dirisha, ingiza kitambaa chenye maji ya kawaida, si ya barafu, umlowanishe masikio, tumbo na nyayo.

Mama Lulu
Asanteni sana, panado nimeitoa kichwani. Akigoma kuingia kizimbani asubuhi ile? Na tukifika?

Msafiri wa Segera
Kisimamishe kizimba wima, mlango juu, umshushe kwa kutanguliza makalio. Ukimsukuma kwa kichwa ataweka miguu minne mlangoni.

Beba kifuko cha mchanga wa choo chake uliokwisha tumika, hata viganja 2, uchanganye na mchanga mpya kule. Atajua pa kwenda. Akae chumba kimoja, madirisha yenye nyavu. Kwa wiki 3 tu, nje asitoke kabisa: hajaijua nyumba hiyo na akipotea ataitafuta ya Dar.

Shangazi Zai
Sawa Bibi, nimekuelewa. Mama Lulu, chanjo ya kichaa cha mbwa kama hana apate wiki 3 kabla, na kadi yake uibebe. Kwa afisa mifugo wa kata pia pita, umuulize kuhusu kibali.

Mama Lulu
Kesho naenda kwake. Kizimba kishakaa sebuleni, kanusa mlango mara mbili akaondoka.