Breki ya nyuma ya Shaibu

Kikundi: UKOO WA MIKINDANI

*Shaibu:* Shikamooni wakubwa. Njomba, upo? Pikipiki breki ya nyuma haishiki. Nakanyaga pedeli inazama mpaka chini. Na kesho alfajiri nampeleka Mama Mdogo Newala.

*Mjomba Fundi:* Marahaba njomba. Ukiipampu harakaharaka inapanda?

*Shaibu:* Inapanda kidogo, nikituliza mguu inazama tena. Jana tumeweka mpira mpya wa mafuta, wa zamani ulipasuka.

*Mjomba Fundi:* Basi humo mna upepo. Mafuta hayabonyei, upepo unabonyea, ndiyo maana nguvu ya mguu haifiki kwenye pistoni inayosukuma pedi. Kagua kwanza boliti za mpira, juu kwenye masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedeli, na chini kwenye kalipa, ile inayobana diski ya tairi. Washa za shaba, zile pete za kuziba kwenye boliti, ni mpya?

*Shaibu:* Mpya zote, na pakavu.

*Kaka Bakari:* Mafuta ya breki hapa dukani yameisha. Akiweka oili ya injini kidogo si itamfikisha?

*Mjomba Fundi:* HAPANA Bakari! Sili za ndani zitavimba, breki igande au isishike kabisa. Shaibu, soma kifuniko cha kikopo cha mafuta ya breki, kimeandikwa aina ya mafuta, DOT 3 au DOT 4, nunua hiyohiyo. Na iwe chupa ambayo haijafunguliwa. Mafuta haya yananyonya unyevu, na huku kwetu pwani unajua hewa ilivyo. DOT 4 mpya inahimili nyuzi 230 kabla ya kuchemka. Ikishanyonya maji inaweza kushuka mpaka 155. Ukishuka ule mteremko wa Newala umekanyaga breki muda wote, yakichemka pedeli inazama hivihivi.

*Mama Mdogo:* Wanangu, kama haishiki mimi napanda basi.

*Shaibu:* Subiri Mama, nimepata DOT 4.

*Mjomba Fundi:* Haya. Chomeka kimpira cheupe kwenye nipeli ya kalipa, kale kamdomo ka kutolea upepo, ncha ya pili izame kwenye chupa yenye mafuta kidogo. Mwite mdogo wako akanyage pedeli taratibu, aishikilie. Wewe legeza nipeli robo mzunguko, mafuta yatoke, kaza. HAPO NDIPO aachie. Akiachia kabla hujakaza, upepo unarudi ndani. Kikopo kisikauke hata kidogo, ongeza kila mara.

*Shaibu:* Njomba, mapovu yameisha kutoka lakini pedeli bado laini.

*Mjomba Fundi:* Tuma picha ya kalipa.

*Shaibu:* 📷

*Mjomba Fundi:* Nimeona. Nipeli imeangalia chini, na upepo siku zote unakaa juu. Fungua boliti mbili za kalipa, mpira uuache. Iinue nipeli iwe juu kabisa, weka kipande cha ubao kigumu katikati ya pedi pistoni isitoke, kisha rudia.

*Shaibu:* Loo! Limetoka povu kubwa kama punje ya korosho! Pedeli imekuwa ngumu!

*Dada Somoe:* Alhamdulillah 🙏🏾

*Mjomba Fundi:* Rudisha kalipa, kanyaga mpaka pedi zikamate diski. Zungusha tairi kwa mkono, liende bila kukwama. Likikwama, angalia pedeli ina uchezaji kidogo, isije ikabana masta silinda muda wote. Mafuta yaliyomwagika mwagia maji, yanakula rangi. Halafu kaijaribu uwanjani polepole, ndipo umbebe mama.

*Shaibu:* Nimetoka uwanjani, inashika vizuri. Ahsante sana njomba. Mama Mdogo, saa kumi na moja nipo mlangoni.

*Mama Mdogo:* Haya mwanangu. Nami nakuja na kofia yangu.