Testosteroni iko chini nikiwa na miaka 29: nichome sindano, ninywe klomifeni, au nitafute chanzo kwanza?

Mzigo wa Kurasini

Habari zenu wakuu. Nina miaka 29, niko Dar, nafanya zamu ya usiku kwenye maghala ya karibu na bandari. Uzito kilo 104. Kwa kipindi kirefu sasa mwili ni mzito, hamu ya tendo la ndoa imeshuka, asubuhi haisimami kama zamani, na hasira zimekuwa za karibu. Nimepima testosteroni ya jumla (homoni ya kiume), imetoka 8.4 nmol/L. Zahanati niliyokwenda wanataka nianze sindano ya testosteroni iitwayo Sustanon 250 kila baada ya wiki tatu. Mitandaoni nakutana na vidonge vya klomifeni, sindano za hCG, na wale wanaosema punguza kitambi basi. Nimeoa, mtoto bado hatujapata. Anayezijua hizi njia anilinganishie, tusioneane aibu.

Mpima Damu

Pole mkuu. Damu ilitolewa saa ngapi?

Mzigo wa Kurasini

Saa tisa alasiri. Nilikuwa nimeshakula, na usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa kazini.

Mpima Damu

Basi jibu hilo lisikuamulie chochote. Homoni hii hupanda mtu akiwa usingizini na kilele chake ni asubuhi. Kufikia alasiri kijana anaweza kuwa chini sana ya pale alipoamkia, na chakula nacho huishusha. Chama cha madaktari wa njia ya mkojo cha Marekani kimeweka mpaka kwenye 300 ng/dL, ambayo ni kama 10.4 nmol/L. Chama cha madaktari wa homoni kimeweka 264, yaani kama 9.2. Mpaka unatofautiana, lakini wote wanataka vipimo viwili vya asubuhi, siku mbili tofauti, pamoja na dalili. Kipimo kimoja hakitoshi hata kikiwa chini kiasi gani.

Kwa mtu wa zamu ya usiku kuna jambo la ziada. Omba mapumziko, ulale usiku kwa siku kadhaa mfululizo mpaka mwili uzoee, ndipo upime kabla ya saa nne asubuhi ukiwa hujala. Ongeza LH na FSH (homoni zinazoamrisha korodani), prolaktini (homoni ya maziwa), wingi wa damu, wastani wa sukari ya miezi mitatu na homoni za tezi ya shingo. Na kwa kuwa mnatafuta mtoto, mbegu pia zihesabiwe.

Tabibu wa Nyanda za Juu

Naunga mkono, na hapo LH ndiyo naisubiri kuliko zote. Tezi ya pituitari, chini ya ubongo, hutuma LH kwenye korodani ili zitengeneze testosteroni. Testosteroni ikiwa chini huku LH imepanda, korodani zenyewe zimeshindwa kazi. Testosteroni ikiwa chini na LH nayo iko chini, au imetulia kwenye kawaida kana kwamba hakuna upungufu, ujue amri ndiyo haitoki. Kwa kijana hapo natafuta uvimbe wa pituitari (maumivu ya kichwa, macho kupungua upande, prolaktini kupanda), unene, kisukari, madini ya chuma yaliyozidi mwilini, na dawa za maumivu za jamii ya afyuni. Tramadol imo humo, hiyo hiyo ambayo vijana wa kazi nzito wanaimeza wasisikie uchovu.

Kwa hiyo nakuuliza waziwazi, na sikuhukumu: unatumia tramadol? Na mkeo anasema unakoroma?

Kuhusu ulinganisho wako. Testosteroni ya nje, iwe sindano au jeli, inapandisha namba kwa uhakika. Lakini pituitari ikiona homoni imejaa kwenye damu inaacha kutuma LH na FSH, korodani zinasinyaa, na mbegu zinapungua, mara nyingi mpaka sifuri. Shirika la Afya Duniani liliwahi kuifanyia majaribio sindano ya testosteroni enanthati, miligramu 200 kila wiki, kama njia ya uzazi wa mpango kwa wanaume. Matokeo yalitoka 1990: wengi wao walifika sifuri ndani ya miezi sita. Anayetaka mtoto karibuni haanzishiwi dawa hii, na hilo limeandikwa wazi kwenye miongozo.

Klomifeni inafanya kazi tofauti. Inauzuia ubongo usiihisi estrojeni (homoni ya kike), hivyo LH inapanda na korodani zako mwenyewe zinaongeza kazi. Mbegu kwa kawaida hazizimwi. Ila ilisajiliwa kwa ajili ya wanawake wenye tatizo la kupevusha mayai, kwa mwanaume inatolewa kwa uamuzi wa daktari tu. Wengine namba inapanda na dalili zinabaki palepale, wengine macho yanawasumbua. hCG inaiga LH moja kwa moja na inalinda uzazi, lakini ni sindano za mara mbili tatu kwa wiki, ina bei, na ikishachanganywa inataka friji.

Baba Watatu, Minneapolis

Mimi nitasema upande wa pili maana naona mnamtisha mdogo wetu. Nina miaka 38, watoto watatu, sihitaji mwingine. Vipimo viwili vya asubuhi, vyote chini ya 250 ng/dL. Najichoma testosteroni saipionati kila wiki na nimerudi kuwa mtu: hamu ipo, mazoezi yanakwenda, nyumbani kuna amani. Kusubiri nako kuna gharama yake, ndoa inaumia wakati unasubiri. Ninachokubali ni kwamba huku Marekani kuna zahanati za mtandaoni zinazokuandikia dawa baada ya simu moja na kipimo kimoja, hazijakuuliza hata kama una mpango wa kuzaa. Hizo sizitetei.

Tabibu wa Nyanda za Juu

Kaka, kwako dawa imekaa mahali pake: umethibitishwa mara mbili na uzazi umemaliza. Endelea kupima wingi wa damu, hematokriti (sehemu ya damu ambayo ni chembe nyekundu) ikivuka asilimia 54 dozi isimamishwe mpaka ishuke. Kuhusu moyo, utafiti wa TRAVERSE wa 2023 ulifuatilia wanaume zaidi ya 5,000 wenye hatari ya maradhi ya moyo. Shambulio la moyo na kiharusi havikuzidi kwa waliotumia testosteroni, ila mapigo ya moyo kwenda kombo na damu kuganda kwenye mapafu vilionekana zaidi kwao. Na walikuwa watu wa miaka 45 hadi 80. Kijana wa 29 anayeanza leo ana miaka mingi mbele ambayo utafiti ule haukuigusa.

Mama Nusra

Naomba niseme kama mke. Mume wangu alianza sindano hizi tukiwa tunatafuta mtoto, na hakuna aliyetuambia habari ya mbegu. Mimi ndiye niliyepimwa kila kitu. Nimepigwa picha ya mirija, nimenyweshwa dawa za mizizi, mawifi wameanza kuulizana mbele yangu kaka yao ataoa lini tena. Yeye hakuna aliyefikiri kumpima, kwa sababu kwa macho alikuwa na nguvu kuliko zamani. Alipokuja kupimwa, mbegu sifuri.

Aliacha. Miezi ya mwanzo ilikuwa mibaya kuliko kabla hajaanza, maana mwili ulikuwa umesahau kutengeneza ya kwake. Mbegu zilirudi baada ya zaidi ya mwaka, na sasa Nusra yupo, alhamdulillahi. Kaka Mzigo, ukiamua lolote, mkeo awe amekaa na wewe kwa daktari. Anayebebeshwa lawama ni yeye.

Nyanza Boy

Niko Kisumu. Mimi ni mfano wa yule ambaye hana njia nyingine. Nilipata matubwitubwi nikiwa na miaka 16, yakashuka kwenye korodani zote mbili. Testosteroni chini, LH juu sana. Klomifeni kwangu ni bure, kwa sababu amri ilikuwa inatumwa kwa nguvu na korodani haziitikii. Natumia Nebido, ile sindano ya testosteroni ya kuchomwa taratibu kila wiki 10 hadi 14, haina kupanda na kushuka sana kama zile za wiki tatu. Nataka vijana wajue kwamba kwa mwenye ugonjwa kama wangu hii ni tiba halali, mifupa na damu yangu inaihitaji. Jeli niliijaribu, nikaiacha kwa sababu nina mpwa mdogo ninayemlea na dawa inahamia kwa mtoto ukimshika kabla ngozi haijafunikwa.

Na Sustanon ina mafuta ya karanga. Mwenye mzio wa karanga aseme mapema.

Mzigo wa Kurasini

Wakuu nimerudi. Tramadol situmii. Nilichukua likizo, nikalala usiku kama watu wengine, nikapima asubuhi bila kula: 12.1 nmol/L. LH, FSH na prolaktini ziko kawaida. Sukari ya miezi mitatu ni asilimia 6.1. Mke wangu anasema nakoroma mpaka pumzi inakatika, halafu nashtuka. Hili nilikuwa nalichukulia kawaida kwa sababu ya mwili.

Mpango wa sindano nimeusimamisha. Lakini swali: namba imepanda, mbona bado nachoka?

Tabibu wa Nyanda za Juu

Kwa sababu uchovu wako una sababu zake nje ya testosteroni. Pumzi inayokatika usingizini peke yake inaleta uchovu, hasira na kutosimama asubuhi, na ikiwa kali, testosteroni ya nje inaweza kuizidisha. Hata vijana wenye afya walipolazwa saa tano tu kwa usiku kwa wiki moja, kwenye utafiti mdogo wa Chuo Kikuu cha Chicago wa 2011, testosteroni yao ya mchana ilishuka kwa asilimia 10 hadi 15. Wewe umelala hivyo kwa muda gani? Sukari ya 6.1 nayo ni kiwango cha kabla ya kisukari, na mishipa ya damu ya uume ni miongoni mwa inayoumia mapema.

Ningekuwa mimi, ningepeleka fedha za Sustanon kwenye kipimo cha usingizi, ningeomba kazini zamu ya mchana, na ningeshusha uzito kwa utaratibu. Mafuta ya tumbo hugeuza testosteroni kuwa estrojeni, kwa hiyo yakipungua namba hupanda yenyewe. Tupime tena baada ya miezi mitatu hadi sita. Ikionekana chini na dalili zipo, tutaizungumza klomifeni.

Baba Watatu, Minneapolis

Kwa majibu hayo nakubali, asianze. Mashine ya kupumulia usiku ilimsaidia shemeji yangu kuliko dawa yoyote.

Mzigo wa Kurasini

Nashukuru sana. Barua ya kuomba kubadilishiwa zamu naipeleka Jumatatu. Kipimo cha mbegu tunakwenda wote wawili.

Mpima Damu

Kaeni bila tendo siku 2 hadi 7 kabla ya kipimo. Usitumie mate wala mafuta, kondomu ya kawaida nayo hapana. Kama utatolea nyumbani, kichupa kikae karibu na mwili kisipoe, na kifike maabara ndani ya saa moja.