Naombeni ushauri: nasoma uhasibu ila moyo umehamia kwenye uandishi wa habari

Habari zenu wakuu, shikamooni wakubwa. Mimi niko mwaka wa pili, nasoma uhasibu chuo kimoja hapa Mwanza. Muhula uliopita rafiki yangu alinivuta kwenye klabu ya habari pale chuoni, nikapewa kazi ya kwenda soko la samaki la Mwaloni Kirumba kuongea na akina mama wanaouza dagaa, nikakaa nao toka alfajiri mpaka saa nne, mama mmoja akanieleza mvua ikinyesha dagaa hazikauki vizuri na bei inavyoporomoka mpaka mtaji unakata, nikarekodi kwa simu, usiku nikaandika sikulala kabisa. Ilivyosomwa hewani kwenye redio ya chuo nilitetemeka, sijawahi kuhisi hivyo nikifanya mahesabu hata siku moja.

Sasa nimekwama. Mzee anauza ng'ombe nisome, nikimwambia naacha sijui atanielewaje. Halafu tangu ile Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 lazima uwe na ithibati, yaani kibali rasmi cha kufanya kazi ya uandishi wa habari, na kanuni zake zinataka angalau diploma ya fani yenyewe, kwa hiyo kipaji peke yake hakitoshi.

Je nimalize kwanza uhasibu halafu nisome diploma ya habari, au nihame sasa hivi niombe chuo kama SAUT (Mtakatifu Augustino) au UDSM (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) nianze upya? Na waliosoma mambo ya fedha wakaingia habari za uchumi, mlianzaje? Nawasikiliza kwa makini sana, maana dirisha la udahili linakaribia na nyumbani bado sijasema kitu.