Wiki tatu kuandaa mazingira ya mikataba janja iliyosimbwa. Hizo "dakika kumi" za kwenye mwongozo ni za nani?

Wakuu salaam. Leo natoa povu, na sitalifuta hata mkinisihi.

Niko Kigoma mjini. Najifunza kutengeneza programu, lakini kinachonilisha ni kufufua simu na kompyuta za watu. Mwaka 2024, ziwa lilipofungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wapumue, wanunuzi wa dagaa wa Kibirizi walikuwa wanashinda kwenye kibanda changu wakipiga soga. Kilio chao kilikuwa kimoja: anayetaja bei kwanza ndiye anayeumia, maana wa pili anaongeza mia tano tu, anabeba mzigo. Wakatamani mnada ambao kila mtu anaweka bei yake kimya kimya, halafu zote zinafunguliwa kwa mpigo.

Blokcheni, yaani daftari la pamoja linalotunzwa na kompyuta nyingi, ile ya kawaida hapo haifai. Ethereum ipo tangu 2015, na ukituma kitu kwenye mkataba janja wake (programu inayoishi ndani ya blokcheni) mtu yeyote mwenye intaneti anakisoma, mara nyingi hata kabla hakijaingia kwenye bloku, yaani ukurasa wa daftari hilo. Huo ni mnada wa kupayuka. Nikahamia kwenye zile blokcheni ambazo data ya mkataba inasimbwa, na inafunguliwa ndani ya kachumba ka siri ka prosesa tu, hata mwenye seva asichungulie. Mzee mmoja wa pale aliniuliza kwa nini tusitumie bahasha na gundi. Nakiri sikuwa na jibu la maana, lakini nilishawaka moto.

Jina la mtandao nilioutumia silitaji. Mwongozo wao unafungua kwa maneno haya: utakuwa tayari ndani ya dakika kumi. Nilianza mwanzoni mwa Novemba.

Kwanza Rust, lugha ya kuandikia mikataba hiyo. Ilishuka bila matata. Kisha inabidi uongeze shabaha ya wasm32-unknown-unknown ili kompaila, ile inayogeuza msimbo kuwa programu, itoe faili la wasm ambalo blokcheni inaweza kulisoma. Sawa. Halafu mwongozo ukasema, kwa sentensi moja tu: "vuta imeji ya Docker." Imeji ni kifurushi chenye mazingira yao yote, na Docker inakiendesha ndani ya kinachoitwa kontena. Hawasemi ni GB ngapi. Mtu wa kununua bando kwa siku unamwambia "vuta" kana kwamba ni pazia! Imeji inashuka kwa matabaka, na kwangu tabaka likikatika kabla ya kukamilika, nikirudi linaanza sifuri. Usiku wa kwanza mtandao ulikata tabaka kubwa likiwa karibu na mwisho. Usiku wa pili umeme ukaenda, na betri ya leptopu yangu ni pambo. Usiku wa tatu bando la usiku likaisha muda wake nikiwa nakodolea mstari uleule. Nilikuwa nakijua kile kistari cha kijani kuliko ninavyoijua sura yangu.

Nikampigia mdogo wangu Dar. Ofisini kwao kuna faiba. Akaivuta, akaandika docker save (amri ya kuigeuza kuwa faili moja), akaiweka kwenye flashi, akaipandisha basi ndani ya bahasha ya kaki yenye namba yangu. Stendi, konda akaigeuzageuza, akauliza kuna nini ndani. Nikamwambia kontena. Akaniangalia, akaangalia bahasha, akasema, "Bro, nipe buku mbili yangu uondoke na kontena lako."

Nikaandika docker load. Ndani ya dakika chache imeji ikaingia bila kula hata MB moja. Kuna mtu yeyote kwenye ule mwongozo aliyewahi kuandika kwamba njia hii ipo? Hakuna. Ni amri mbili tu.

Kabla ya hapo kulikuwa na kituko cha prosesa. Niliuliza kwenye kundi lao la msaada kama kompyuta yangu inatosha. Jamaa akanijibu kwa kujiamini kwamba bila Intel SGX, yaani kale kachumba ka siri ka prosesa, nisijisumbue. Prosesa yangu ni Core ya kizazi cha 11, na Intel waliachana na SGX kwenye Core za kawaida kuanzia kizazi hicho hicho. Nilianza kuulizia leptopu kuukuu ya kizazi cha 8, nikafika hadi kupatana bei. Siku mbili baadaye mtu mwingine, Mungu ampe maisha marefu, akaniambia nodi (programu inayoendesha blokcheni) ya majaribio ya kwenye kompyuta yako inaigiza SGX kwa programu tu, haihitaji hicho kifaa. Kifaa chenyewe anakihitaji mwenye nodi ya mtandao halisi. Ningekuwa nimeshauza kitanda.

Nodi ikawaka. Nikakompaili ule mkataba wao wa mfano, wa kuhesabu moja mbili tatu, sijagusa hata herufi. Kompyuta ina RAM ya GB 8, na WSL 2 (Linux inayokaa ndani ya Windows) kwa kawaida inajichukulia nusu tu, Docker nayo imo humo humo. Kompaila ikauawa katikati ya kazi, kimya, bila kwaheri. Dawa ni CARGO_BUILD_JOBS=1, ili ijenge kipande kimoja kimoja. Inachukua muda wa kupika maharage, lakini inafika.

Faili likapatikana. Nikalipandisha kwenye nodi, likakataliwa. Kosa linataja reference-types, kipengele fulani cha wasm. Faili ni lao, amri ni zao, nodi ni yao!

Nikaenda tena kundini. Majibu: "Kwangu inafanya kazi." Mwingine: "Futa kila kitu uanze upya." Uanze upya na bando la nani? Wa tatu akasema niongeze target-cpu=mvp kwenye mipangilio, ili faili libaki na vipengele vya msingi vya wasm tu. Nikaongeza, kosa likabaki palepale, kwa sababu maktaba ya msingi ya Rust inakuja ikiwa imeshakompailiwa, na yenyewe haiguswi na mpangilio huo.

Siku ya tano ya kuhangaika na kosa hilo ndipo nikaelewa. Oktoba 17 lilitoka toleo la Rust 1.82, likiwa na LLVM 19 (mtambo wa ndani wa kompaila), na kuanzia hapo faili za wasm zinatoka na vipengele vipya viwili vikiwa vimewashwa, kimoja kikiwa hicho hicho reference-types. Nodi zao hazikuvijua. Na watu wa Rust hawana lawama hapa, walitangaza mabadiliko hayo mwezi Septemba kwenye blogu yao. Mwongozo wa hawa wenzangu ukabaki unasema "sakinisha Rust ya karibuni", kwa hiyo kila mgeni aliyefika baada ya Oktoba 17 na kutii neno kwa neno alikuwa anaingia shimoni, na mwenyeji kasimama ukingoni anasema kwake inafanya kazi. Kwake inafanya kazi kwa sababu hajasasisha!

Dawa yote ni hii: rustup default 1.81.0 (inakurudisha toleo la nyuma la Rust), unaongeza ile shabaha ya wasm tena kwa toleo hilo, unakompaili. Ikapokelewa mara ya kwanza. Mstari mmoja, wakuu. Wangeuandika juu kabisa mwa mwongozo, pamoja na ukubwa wa imeji kwa GB, mimi ningekuwa nimemaliza Novemba hiyo hiyo wiki ya kwanza na hela ya bando ningenunulia mgebuka.

Nimewaandikia, nikawatumia na sahihisho lenyewe likiwa limeandikwa tayari. Mpaka naandika hapa, hawajalisoma.

Aliyeko Kigoma na anataka hiyo imeji, aje na flashi yake ya GB 16, nitamnakilia bure pamoja na Rust 1.81. Mnaotaka kunitumia ujumbe wa "uza leptopu ununue Mac", piteni tu. Na mods, nawaomba msiuhamishie uzi huu kule kwenye jukwaa la sarafu, sijataja kununua sarafu yoyote humu.