Mstari unapita (2, 7) na (5, 13), m na c napataje?

wadau nisaidieni, dogo kaja na homuweki ya y = mx + c, mi nikapata m ni nusu na c ni 6, ila nikiweka x = 5 inakuja 8.5 badala ya 13, nimekosea wapi jamani

Jibu 1: Umegeuza mzee. Tofauti ya y (13 - 7) ndo inakaa juu, ya x (5 - 2) chini, 6 gawa kwa 3, m = 2.

Jibu 2: au usikariri fomula kabisa, kila pointi inakupa mlinganyo wake, 7 = 2m + c na 13 = 5m + c, toa wa kwanza kwenye wa pili c inakufa yenyewe unabaki na 6 = 3m, basi m ni 2, rudisha juu c inakuwa 3. Mwambie dogo ni kama bajaji, c ndo hela ya kupanda tu, m bei ya kila kilomita

Muulizaji: aisee 2×5+3 = 13 kweli! bajaji kaielewa fasta kuliko mimi 😂